Kunguru wa Pwani na msanii anayeitwa mwisho

Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja katika ukanda wa Pwani kufikia mwisho wa mwaka huo. Mjadala ulizuka papo hapo na mpaka leo haujapoa. Upande mmoja wapo wenye hoteli, wafugaji wa kuku na wataalamu wa ndege waliochoka kusubiri. Upande wa pili wapo wanaoihofia sumu, na wapo wanaosema kiumbe hastahili kuuawa kwa sababu tu babu zake waliletwa na meli. Wote hao wanakutana mahali pamoja, napo hakuna anayepahoji: kwamba wananchi waelimishwe. Na kila elimu ya wananchi inapotajwa, msanii huitwa. Achore bango, atunge wimbo, aigize kipande kifupi uwanjani kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani. Anaitwa mwisho, ujumbe ukiwa umeshaandikwa na kupitishwa.

Nadhani hapo ndipo tunapoielewa sanaa vibaya. Inaweza kufanya kazi kubwa katika sayansi ya viumbe vamizi, yaani viumbe wageni wanaoenea na kuleta madhara, lakini kazi hiyo si ya kipaza sauti. Ni kulifundisha jicho kuona, kuirudisha mezani habari ya nani alimleta kiumbe huyo na kwa nini, na kumpa mkazi nafasi ya kumjibu mtaalamu. Ikinyimwa kazi hizo ikabaki pambo la tangazo, heri fedha zake zinunue mitego.

Tumtazame kwanza kunguru mwenyewe. Huyu anayelalamikiwa ni Corvus splendens, ndege wa Bara Hindi na nchi zilizo jirani. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, Waingereza wakiwa wameshashika hatamu, kwa matarajio kwamba atakula taka za mji. Alionekana Mombasa mwaka 1947, na sasa amejaa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Hula mabaki ya jikoni, dagaa walioanikwa, mayai na makinda ya ndege wengine. Kwera na chozi hupoteza viota kwake, na mama anayefuga kuku wa kienyeji hawezi kuwaacha vifaranga uani akaenda sokoni na moyo mtulivu. Ni mwerevu, huishi kwa makundi, na akishaona wenzake wamenaswa hujifunza kuukwepa mtego. Ndiyo maana wataalamu waligeukia Starlicide, sumu inayoua polepole na ambayo kwa sehemu kubwa huvunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, hivyo paka au mwewe atakayekula mzoga hayumo katika hatari kubwa. Yote hayo unaweza kuyaeleza kwa maneno na mtu akakuelewa.

Lakini Pwani ina kunguru zaidi ya mmoja. Yupo wa kwetu wa asili, Corvus albus, mkubwa kidogo kuliko mgeni, mweusi ti, mwenye kifua cheupe pe na ukosi mweupe unaozunguka mpaka mgongoni. Mgeni hana weupe popote. Ana umbo jembamba, paji lililobinuka, na shingo yake hadi kifuani ni ya kijivu kinachofifia taratibu na kuingia kwenye weusi bila mpaka ulio wazi. Kunguru wa asili ni miongoni mwa ndege wanaosukumwa nje na huyu mgeni, naye ndiye anayeweza kuuawa kwa makosa. Niliwahi kuona bango ukutani katika ofisi moja ya kata: maandishi sahihi, madhara yametajwa vizuri, na katikati picha kubwa ya kunguru mwenye kifua cheupe. Mwananchi mtiifu aliyelifuata bango lile angemuua mwenyeji akamwacha mgeni. Sidhani kama aliyeliandaa alikuwa mzembe. Alihitaji picha ya kunguru, akaipata, akaiweka. Mchoraji aliyemtazama ndege huyo saa nzima, penseli mkononi, asingekosea hivyo, kwa kuwa mkono wake ungelazimika kuamua kijivu kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Wataalamu wa ndege wanalijua hili tangu zamani. Vitabu vingi vya kutambulia ndege hadi leo hutumia michoro, kamera zikiwa zimejaa tele, kwa sababu mchoro unaweza kuwaweka ndege wawili katika mkao mmoja na mwanga mmoja, ukaacha kila kisichohitajika na kubakiza tofauti tupu. Katika kazi hiyo sanaa imo ndani ya sayansi yenyewe.

Hapa nawafikiria wachoraji wa Tingatinga. Mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vibao na rangi za kupakia baiskeli, umejengwa juu ya umbo linalosomeka kutoka mbali na rangi zisizochanganyikana. Hicho hasa ndicho kinachotakiwa ili mtoto wa shule awatofautishe ndege wawili kwa mtupo mmoja wa jicho. Kwenye vibanda vya wachoraji utakuta ndege wa kila namna, lakini kunguru ni nadra, kwa sababu mtalii hanunui kunguru. Soko limemfundisha mchoraji wetu asimchore ndege anayemwona kuliko wote. Mradi wenye akili ungeanzia hapo: ukamlipa mchoraji ili amtazame.

Kwa nini basi tunamwita mwisho? Nadhani ni mazoea, na mazoea hayo yana historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania iliwaita washairi, nao wakaitika. Ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala zilikaririwa madarasani na kwenye mikutano ya hadhara nchi nzima. Ukiitazama ngonjera ya aina ile utaona ilivyopangwa: yupo asiyejua, yupo anayejua, wanabishana, na beti za mwisho asiyejua anakubali na kushukuru. Ni umbo zuri la ushairi na limewafunza wengi Kiswahili. Ila limetuachia dhana kwamba elimu kwa umma ni mazungumzo ambayo mwisho wake unafahamika kabla hayajaanza. Ukitazama igizo la siku ya mazingira leo, la mkulima mjinga na bwana shamba mwenye hekima, ni ngonjera ile ile iliyovuliwa vina na mizani.

Njia nyingine ilikuwapo, tena hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya kazi ya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa. Walikaa, wakauliza, wakaziangalia ngoma za pale pale, na matatizo yakatajwa na wenyewe, yakaigizwa na wenyewe, kisha yakajadiliwa hadharani. Ni kazi ya polepole. Haimalizwi kwa ziara ya siku moja na haimwahidi mfadhili kwamba wananchi watakubaliana na ripoti yake. Lakini inamsikilizisha mtaalamu jambo ambalo asingelipata kwa dodoso.

Wapo wanaopinga, na si wote wa kupuuzwa. Hoja yao nzito zaidi ni ya ushahidi. Mtaalamu anauliza: mnajuaje kwamba wimbo umebadilisha chochote? Fedha ni chache, mtego unahesabika, kunguru aliyekufa anahesabika, wimbo haupimiki. Ni swali la haki, na miradi mingi ya sanaa hustahili kuulizwa hivyo kwa sababu hupima idadi ya waliohudhuria, kisha ikaita hiyo mafanikio. Lakini kusema sanaa haipimiki si kweli, na jibu liko Tanzania. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, likatumika kama eneo la kulinganishia, na watafiti wakaona matumizi ya uzazi wa mpango yameongezeka zaidi kule uliposikika. Jaribio kama lile linaweza kufanywa kwa kunguru: mitaa kadhaa ipate sanaa, mingine isubiri, halafu wakazi waonyeshwe ndege wawili na waulizwe yupi ni yupi, na mapipa ya taka yakaguliwe kabla na baada. Mtaalamu anayedai ushahidi ashiriki kuutafuta.

Hoja ya pili ni kwamba msanii hupotosha. Hii nayo ina uzito, na mfano wake uko Mwanza. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na spishi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, kwa mamia zikapungua au zikatoweka, ingawa wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha lawama ni cha sangara na kiasi gani ni cha maji yaliyochafuka. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ya Mwaustria Hubert Sauper, ilimchukua samaki huyo ikamfanya alama ya uporaji wote wa Afrika: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki kwa maskini, silaha zinadaiwa kurudi kwa ndege hizo hizo. Ilisifiwa nje, ikafika mpaka kwenye uteuzi wa tuzo za Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani. Sitaki kurudia kesi ile yote. Kinachonihusu ni kwamba dunia ilizungumza kwa miaka juu ya filamu iliyoanza na samaki vamizi, na ikolojia ya ziwa ikawa jambo la pembeni. Wakazi wa Mwanza walionekana ndani yake lakini hawakuamua waonekane vipi. Kwa hiyo ndiyo, sanaa inaweza kuipoteza sayansi. Lakini nauliza ni sanaa ipi iliyo rahisi kupotosha: ile iliyotengenezwa pamoja na watu wanaolijua ziwa, wavuvi na watafiti, au ile iliyowaendea kama mandhari?

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi mikutanoni, ni kwamba tatizo la viumbe vamizi ni ujinga wa wananchi. Wananchi hawajui, tuwafahamishe, watabadilika. Nataka kuikataa kwa nguvu, na shahidi wangu ni mbuzi.

Mathenge, mti wa Prosopis juliflora kutoka Amerika ya Kati na Kusini, ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mradi wa serikali uliosaidiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ulistawi kupita ulivyotarajiwa. Ukaziba malisho na njia za mifugo, miiba yake ikawachoma watu na wanyama, na maganda yake yenye sukari nyingi yakaoza meno ya mbuzi mpaka yakang'oka. Wafugaji wa Ilchamus waliyajua haya yote kwa sababu walikuwa wakiwashika mbuzi hao mikononi. Hawakuhitaji warsha. Mwaka 2006 walifungua kesi dhidi ya serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi, na wakamleta mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Mfikirie mnyama huyo kutoka Marigat akiwa katikati ya majoho meusi na vitabu vya sheria, mdomo unafunguliwa, ufizi mtupu. Ni miaka mingi sasa na watu wasioweza kukutajia kifungu kimoja cha kesi ile bado wanamkumbuka. Mwaka 2008 Kenya iliutangaza mathenge kuwa gugu hatari. Sisemi mbuzi ndiye aliyeleta tangazo lile peke yake. Nasema kwamba onyesho lenye nguvu kuliko yote yaliyowahi kufanywa Afrika Mashariki kuhusu kiumbe vamizi lilibuniwa na watu walioitwa wasiojua, na waliokuwa wakielimishwa siku ile walikuwa wataalamu na serikali.

Jambo hilo linagusa historia nzima ya viumbe hawa. Kunguru aliletwa na watawala asafishe mji. Sangara aliingizwa na maofisa waliotaka samaki mkubwa wa biashara. Mathenge ulipandwa kwa ushauri wa kitaalamu. Mkazi wa Pwani au wa Baringo anayemwangalia ofisa akija na suluhisho jipya ana sababu nzuri ya kusita, kwa kuwa tatizo la leo liliwahi kuwa suluhisho la jana. Bango linalosema kunguru ni adui, bila kusema alifikaje, linamtaka mtu huyo aamini kwa mara nyingine bila maelezo. Tamthilia inaweza kulisema hilo, ikamweka jukwaani ofisa wa zamani akimsifu ndege wake, na ikamwacha ofisa wa sasa ajibu maswali ya hadhira. Ni hatari kwa taasisi, naelewa. Lakini imani iliyopotea kwa kukaa kimya haitarudi kwa rangi za bango.

Kuna na hatari nyingine ambayo wasanii wenyewe wanapaswa kuiogopa. Ni rahisi mno kumchora kunguru kama mgeni mwovu, mwizi aliyevuka bahari, na kumpachika utaifa. Pwani yetu ina familia zenye asili ya Bara Hindi zilizokaa hapa vizazi na vizazi. Katuni ya kunguru aliyevishwa mavazi ya jamii fulani itachekesha ukumbini na kujeruhi mtaani, na hata kisayansi ni uongo, kwa sababu ndege hakuhama kwa hiari wala hana nia. Anakula tunachotupa. Idadi yake ni kipimo cha jalala letu. Msanii akimfanya jini, anatuondoa sisi kwenye picha, na sisi ndio tunaomlisha.

Hili la jalala ndilo linalonifanya niamini kwamba taarabu na khanga zina nafasi kuliko vipeperushi, zikitumiwa kwa namna zinavyofanya kazi zenyewe. Khanga iliyoandikwa "Tuwaangamize kunguru vamizi" hakuna mwanamke atakayeivaa arusini, kwa kuwa jina la khanga huwa na mlengwa: jirani, mke mwenza, shemeji. Lazima limguse mtu. Lakini jina linalomsema anayemwaga taka usiku mlangoni pa mwenzake, kisha asubuhi akalalamikia kunguru, hilo litanunuliwa, na aliyekusudiwa atajijua. Taarabu hali kadhalika. Fumbo lake hufanya kazi kwa sababu msikilizaji analimalizia mwenyewe, akainuka kwenda kutunza huku macho yakiwa kwa fulani. Mtaalamu anayemkabidhi mtunzi orodha ya ujumbe muhimu anakuwa amelibomoa fumbo kabla halijaanza. Angempa ukweli ulio sahihi, akamwonyesha viota na jalala, akajibu maswali yake, halafu akajiweka kando.

Gugumaji linatupa tahadhari ya mwisho. Mmea huu wa bonde la Amazon ulisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau, ukaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ukaziba bandari na mialo. Wadudu aina ya Neochetina waliachiwa kuula, nao walisaidia. Pamoja nao ikazuka sanaa ya kusuka vikapu na viti kutokana na mabua yake makavu, kazi inayowapa kipato akina mama huko Kisumu na kwingineko. Naiheshimu kazi hiyo. Ila inapotangazwa kuwa ndiyo njia ya kulimaliza gugu, tunadanganyana: gugumaji likipata joto na mbolea ya kutosha huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake huweza kukaa kwenye tope miaka mpaka 20 zikisubiri. Hakuna mikono itakayosuka kwa kasi hiyo. Na mtu ambaye ada ya shule inatokana na gugu, tusimtarajie aliombee liishe. Kikapu kitangazwe kama kipato. Hesabu ya ziwa ifanywe kwa njia nyingine.

Mwaka 2023 ripoti ya IPBES, jukwaa la kimataifa la sayansi na sera kuhusu bioanuwai, ilikadiria kwamba spishi ngeni zaidi ya 37,000 zimeshajikita sehemu mbalimbali za dunia kutokana na shughuli za binadamu, zaidi ya 3,500 kati yake zikiwa na madhara, na hasara yake kwa mwaka 2019 ikizidi dola bilioni 423. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mataifa yalikubaliana mjini Montreal kupunguza kwa angalau nusu kasi ya kuingia na kujikita kwa spishi za namna hiyo ifikapo 2030. Kwa hiyo miradi itakuja, na kila mmoja utakuwa na kifungu cha uhamasishaji.

Kifungu hicho ndicho ninachotaka kibadilishwe, Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Mchoraji, mtunzi na kikundi cha maigizo waingie mwanzoni, siku watafiti wanapohesabu viota na kufungua mitego, walipwe kwa muda huo, na wawe na haki ya kuuliza swali lisilofurahisha. Michoro ya kutambulia ndege ijaribiwe kwa wavuvi na wanafunzi kabla haijachapwa, na ikishindwa ichorwe upya. Maonyesho yaache nafasi ya hadhira kujibu, na majibu hayo yaandikwe na kupelekwa kwa watafiti kama data, kwa sababu mvuvi anayeanika dagaa kila siku anajua kunguru hushuka saa ngapi, hulala mti gani, na ni jalala lipi huzolewa mara moja kwa mwezi. Halmashauri ikishapata orodha ya majalala hayo, iyazoe kabla ya kuweka chambo cha sumu.